Jina la Kwanza Kwenye Barua ya Malori

Shule niliishia kidato cha pili, na hicho cha pili chenyewe sikukimaliza. Tulikubaliana mimi na mwalimu mkuu kila mtu aende zake: yeye akabaki na shule, mimi nikabaki na sare. Kwa hiyo ukipita Tunduma ukanikuta nimekaa na vijana watatu wa chuo wananiita mwalimu, usishangae peke yako. Hata mama yangu mzazi kule Iyula alipoambiwa aliuliza, "Mwalimu wa nini? Wa kutoroka vipindi?"

Ilikuwa hivi. Vyuo huleta wanafunzi wa ustawi wa jamii mitaani kwetu kujifunza kazi, wenyewe wanaita fildi. Afisa ustawi wetu ana chumba kimoja na viti viwili, na nje kwenye korido wamejaa wanawake walioachwa, watoto waliookotwa mpakani, na wazee wanaotafuta wana wao walioenda Zambia na lori wakasahau kurudi. Hana pa kuwaweka wanafunzi. Siku moja akaniita akasema, "Wewe unamjua kila mtu hapa na unaongea sana. Wachukue hawa, wafundishe namna ya kukusanya watu wadai mambo yao."

Sifa zangu zilikuwa ni hizo mbili. Nimewahi kubeba mizigo mpakani, nimeuza viatu vya mtumba, nimekuwa mjumbe wa nyumba kumi, na kila chanjo ikija mimi ndiye nazunguka na kipaza sauti juu ya bajaji. Cheti sina. Sauti ninayo.

Mwaka huo wa kwanza, ndio ninaousimulia, waliletwa watatu. Wawili walikuwa vijana wa kiume, wanapenda simu zao, sina ugomvi nao. Wa tatu alikuwa binti mwembamba, mtoto wa mwalimu wa shule ya msingi, anaandika kila unachosema hata ukipiga chafya. Siku ya kwanza alifungua daftari akasoma: "Mwalimu, chuoni tumefundishwa kwamba ukiingia kwenye jamii lazima kwanza ujenge uaminifu."

"Unajengwa kwa siku ngapi?"

"Hawakusema."

"Basi agiza chapati."

Hilo ndilo lilikuwa somo langu la kwanza kwa wanafunzi wote: usianze kuongea, kunywa chai kwanza. Na chai yenyewe tulikunywa sehemu moja, kwa mama mmoja aliyekuwa na kibanda pembeni ya barabara kuu, pale malori yanapojipanga kusubiri kuvuka mpaka. Mtaa siutaji, wenyewe wataujua. Mama huyu ni wa Isansa, kule Mbozi, kwao na mke wangu, kwa hiyo tuliitana shemeji. Alikuwa mjane, mnene kiasi, amejifunga kitenge cha Kongo, na madereva aliwajua kwa chai zao: huyu wa tangawizi, huyu asiyetaka sukari, huyu wa kukopa. Mzambia akishuka kwenye lori anasalimiwa Kibemba, "Mulishani, mukwai," na kabla hajajibu kikombe kiko mezani. Dereva mlevi alikuwa anafokewa kama mtoto wake wa kumzaa, na anatulia.

Nilikaa na wanafunzi wangu kwenye benchi lake wiki nzima. Niliwaambia wasikilize tu. Pale walijifunza nani anaheshimiwa mtaani, nani anagombana na nani, nani akisema watu wanafuata. Nikimwangalia yule binti anavyoandika nilijiona profesa. Mama mwenye chai alikuwa anacheka: "Shemeji, hawa watoto wa watu unawafundisha nini zaidi ya kula?"

"Nawafundisha kukusikiliza wewe."

"Basi watafeli."

Alisema kwa utani. Sikujua kwamba aliyekuwa anaelekea kufeli ni mimi.

Watoto wa shule ya msingi walikuwa wanavuka barabara ile kila asubuhi, wanapenya katikati ya malori yaliyosimama. Dereva aliye juu hamwoni mtoto aliye chini. Katika wiki ya pili ya wanafunzi wangu, lori moja lilirudi nyuma kidogo tu, hatua mbili za mtu mzima, na mtoto wa darasa la pili akavunjika mguu. Aliyemtoa chini ya trela ni yule mama. Alimbeba mgongoni kwa kitenge chake, akakimbia naye mpaka kituo cha afya, maziwa ya chai yakamwagikia jiko kibandani.

Jioni yake wanafunzi wangu hawakugusa simu. Yule binti alisema, "Mwalimu, hili ndilo jambo. Watu wakusanyike kwa hili."

Na kweli walikusanyika. Nilizunguka na kipaza sauti. Kikao kilifanyika kwenye uwanja wa ofisi ya mtaa, mwenyekiti wa mtaa akakaa mbele, mimi nikasimama kama mshenga. Walikuja wazazi, waendesha bodaboda, na wanawake wote wanaouza vyakula pale barabarani. Na kabla hata ya kuomba dua nikafanya jambo ambalo kwetu hakuna kikao bila hilo: nikazungusha karatasi ya mahudhurio. Kuna mstari wa jina, mstari wa namba ya simu, mstari wa sahihi. Sisi huku tumezoea. Semina ya malaria, unasaini. Kikao cha mbolea, unasaini. Unasaini ukiingia, unapewa soda, unarudi nyumbani. Nilikuwa nimewafundisha wanafunzi, tena kwa msisitizo: "Kikao bila mahudhurio ni kijiwe."

Wa kwanza kusaini alikuwa yule mama. Alikuwa amekaa mbele, na alikuwa na mwandiko mzuri, herufi zimesimama wima. Wauza vyakula wenzake walikaa nyuma kabisa, karatasi ikajaa kabla haijawafikia.

Watu walisema mengi. Wengi walitaka malori yaondolewe kabisa pale yapelekwe kwenye uwanja wa maegesho ulioko mbele, mbali na shule. Wauza vyakula walinyamaza, maana malori yale ndiyo sahani zao. Kisha yule mama akasimama.

"Mimi ndiye nilimbeba yule mtoto," alisema. "Sijasahau uzito wake. Lakini malori yakiondoka leo, kesho yatarudi, au zitakuja gari ndogo zinazokimbia zaidi. Sisi wanawake tuko pale tangu alfajiri. Tupangiane zamu. Wawili asubuhi, wawili mchana, tunawashika watoto mikono tunawavusha. Tunaanza kesho. Haihitaji barua."

Baadhi walipiga makofi. Mwenyekiti akasema "sawa, wazo zuri," kwa ile sauti ya kusema keti. Na mimi? Mimi niliona ni jambo dogo. Niseme ukweli wangu: nilikuwa nimeshaona picha ya ripoti. Wanafunzi wamekuja, wananchi wamekusanyika, malori yameondolewa. Hayo ndiyo mabadiliko. Kuvusha watoto kwa mkono ni kitu gani? Hata bibi yangu angeweza kukifanya, naye hakuwa na fildi.

Katika muhtasari wa kikao wazo lake halikuandikwa. Binti alikuwa ameliandika kwenye daftari lake. Mimi ndiye nilimwambia aliruke, tusichanganye wakubwa.

Tukaandika barua kwenda wilayani. Yaani binti aliandika, mimi nilikuwa natembea nyuma yake nikisema "weka hapo neno zito." Barua ikaomba malori yaondolewe. Ikaisha vizuri, "sisi wananchi tulioweka sahihi zetu hapa chini." Hapo tukakwama, kwa sababu hapa chini palikuwa peupe.

Zilibaki siku mbili tu kabla ya wakubwa wa wilaya kuja kukagua barabara. Kupita nyumba kwa nyumba kutafuta sahihi ilikuwa kazi ya wiki. Nikafungua faili, nikatoa ile karatasi ya mahudhurio, nikakata kichwa chake cha juu kwa rula palipoandikwa "mahudhurio," nikaibana kwenye barua kwa pini.

Binti alinitazama mikono. "Mwalimu, hawa walisaini kwamba wamehudhuria."

"Ndiyo."

"Hawakusaini kwamba wamekubali."

"Aliyehudhuria akanyamaza, amekubali."

"Mama wa chai hakunyamaza."

Nikacheka. Nina kicheko kimoja cha kumaliza mazungumzo, nimekitumia tangu nikiwa mbeba mizigo. "Binti," nikamwambia, "chuoni mnafundishwa kuandika. Huku mtaani tunafundishwa kufika. Peleka."

Akapeleka.

Barua ikafanya kazi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu barua iliyopita mkononi mwangu ikafanya kazi. Ndani ya siku chache malori yakaambiwa yasogee, na mabango ya kukataza yakachomekwa. Barabara ikawa nyeupe, pana, kama uwanja wa mpira siku ambayo timu hazikuja. Mkufunzi wa chuo alikuja kukagua wanafunzi wake, akanipa mkono kwa mikono miwili, akasema nimewafundisha utetezi kwa vitendo. Nilirudi nyumbani nikamwomba mke wangu aniite mwalimu. Akaniambia niteke maji.

Kisha wauza vyakula wakaenda ofisi ya mtaa kulalamika. Biashara imekufa, nani aliomba haya? Mwenyekiti akachukua nakala ya barua akawasomea. Akafika kwenye majina. Akaanza na la kwanza.

Sikuwepo. Nilisimuliwa na muuza mihogo, mwanamke mwenye mdomo mkali aliyekuwa anapanga meza yake jirani na kibanda cha chai miaka mingi. Anasema lilipotajwa lile jina watu wote waligeuka. Yule mama alisema, "Mimi sikusaini hiyo." Mwenyekiti akawaonyesha karatasi. Mwandiko ulikuwa wake, herufi zimesimama wima, mtaa mzima unaujua kwa sababu ndiye aliyekuwa anaandika daftari la kikundi chao cha kuweka na kukopa. Akasema tena, "Sikusaini hiyo."

Wauza vyakula hawakufa njaa. Waliyafuata malori. Kule kwenye uwanja wa maegesho wakapewa ukingo mmoja, wakagawana wenyewe, kila mtu hatua tatu, mstari mmoja mrefu. Yule mama alikwenda na sufuria zake kichwani siku ya kugawana, na aliporudi alikuwa nazo bado kichwani. Walimwambia, "Wewe uliyefukuza malori, kule utamuuzia nani?"

Kibanda chake cha zamani kilibaki pale pale kwenye barabara tupu. Nilipita mara moja. Alikuwa amechemsha chai, maana mtu akizoea atafanyaje. Hakukuwa na mteja. Aliniona, akasema, "Karibu, mwalimu."

Hakusema shemeji. Nilimwambia nina haraka.

Mwisho wa wiki hiyo mwenyekiti akaitisha kikao kumaliza manung'uniko. Nilijua kitakuwaje. Nilijua pia kinahitaji sentensi moja tu kutoka kwangu: hiyo ni karatasi ya mahudhurio, mimi ndiye niliyeibandika, huyu mama alisimama akapinga. Sentensi moja, na kule maegesho angepata hatua zake tatu. Nilijiambia kwamba nikisema hivyo barua itakuwa ya uongo, malori yatarudi, mtoto mwingine atavunjika. Nilijiambia hivyo kwa sauti, njiani, kama mtu anayekariri. Lakini malori siyo niliyoyaogopa. Niliogopa kuitwa mwongo mbele ya wanafunzi wangu, mimi niliyekuwa nimeitwa mwalimu kwa wiki sita tu.

Kikao kikawa moto. Muuza mihogo akasimama na kidole: "Jirani yangu, tumekula sahani moja miaka yote. Ungeniambia tu. Ungesema, jamani mimi nataka malori yaondoke. Kwa nini uende kwa siri ukaweke jina lako juu, kama mwenye nyumba?"

Yule mama alikuwa amekaa na mikono mapajani. "Sikwenda kwa siri," alisema. "Nilisema mbele yenu. Mlinisikia."

"Tulikusikia unasema hivi, tukakuta umeandika vile!"

Hapo yule binti mwanafunzi akasimama. Alikuwa nyuma, kwenye ukuta. Sauti yake ilikuwa inatetemeka. "Naomba kusema. Mimi ndiye niliandika hiyo barua. Kuhusu hizo sahihi, ukweli ni kwamba—"

Nami nikaruka. Sijui niliruka vipi, nilijikuta nimeshasimama. "Jamani," nikasema, "huyu mtoto tangu aje Tunduma hajala nyama, ndiyo maana anatetemeka! Nani anamdai ukweli mtu mwenye njaa? Mwenyekiti, kama kuna wa kulaumiwa ni mimi, maana hata kidato cha pili nilitolewa kwa mwandiko mbaya, sasa leo naona watu wanagombana kwa sababu ya mwandiko mzuri!"

Wakacheka. Watu wetu wakichoka na ugomvi wanatafuta pa kucheka, na mimi huwa nawafungulia mlango. Mwenyekiti akacheka mpaka akajifuta macho, akasema basi, yaliyopita yamepita, tufunge. Watu wakainuka wakipigana mabega. Nimesema mara nyingi katika maisha yangu vichekesho vibovu zaidi ya hicho, lakini hakuna kilichomgharimu mtu kama hicho.

Wawili hawakucheka. Mmoja alibaki amesimama ukutani na mdomo wazi. Mwingine aliokota kandambili zake, akazivaa taratibu, akaondoka bila kunitazama.

Siku ya wanafunzi kuondoka nilitakiwa nijaze fomu zao. Kuna sehemu inauliza kama mwanafunzi ana uadilifu, unaweka alama. Nilimwekea binti alama zote, nikataka kuongeza na nyingine. Alipokea fomu, akaisoma yote, kama kawaida yake.

"Asante, mwalimu."

"Utakuwa afisa mzuri sana."

"Nilitaka kurudi ofisini kwa mwenyekiti peke yangu nikaseme," alisema. "Nimekwenda mpaka mlangoni mara mbili. Nikafikiri, akiniuliza kwa nini mwalimu wako alikukatiza, nitasemaje? Nikaona nitakuaibisha." Alikunja fomu mara nne. "Kwa hiyo na mimi nimenyamaza. Nimejifunza na hilo huku."

Nilitafuta utani. Nikapekua kila mahali. Hakukuwa na kitu. Akapanda gari la Mbeya.

Kibanda kikavunjwa. Aliuza mabati, akarudi Isansa kwa mdogo wake. Mke wangu ndiye aliyeniletea habari, kisha akaniuliza, "Wewe kwenye ile barua unahusika vipi?" Nikamweleza yote. Nilidhani atapiga kelele. Alisema tu, "Kesho kuna gari la kwenda Mbozi asubuhi."

Nilikwenda. Ilikuwa msimu wa baridi, ule upepo wa Mbozi unaoingia kwenye mifupa bila kubisha. Nilimkuta shambani anavuna mahindi na wanawake wengine wawili, amepungua, uso umekuwa wa kijivu kwa vumbi la mabua. Aliponiona hakushtuka. Aliweka kikapu chini akanipeleka pembeni, penye miti ya kahawa ya mdogo wake, tukakaa chini.

"Habari za Tunduma, mwalimu."

"Siyo nzuri," nikasema. "Shemeji, ile karatasi ilikuwa ya mahudhurio. Mimi ndiye nilikata kichwa chake nikaibandika kwenye barua. Yule binti alinikataza."

Alikuwa anapukuchua punje za mahindi moja moja kwenye gunzi. Hakuacha.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile mwenyekiti alivyonionyesha. Nimesaini mahudhurio tangu mume wangu yuko hai. Naijua karatasi yake, ina namba za simu. Nani anaandika namba ya simu kwenye barua ya malalamiko?"

"Mbona hukusema?"

"Nilisema sikusaini. Mara mbili." Alitupa gunzi. "Unafikiri mimi ningesema 'mwalimu amebandika,' nani angeniamini? Wangesema anatafuta wa kumsingizia. Ilitakiwa useme wewe. Nilikuja kwenye kile kikao kwa sababu hiyo tu. Nilijua utakuwepo. Nilimwambia mdogo wangu kwenye simu, leo shemeji yangu atasema, Jumatatu nitakuwa nauza chai maegesho. Yule mtoto aliposimama, moyo wangu ukatulia. Halafu ukasimama wewe."

Upepo ulikuwa unavuma kwenye mabua makavu. Wale wanawake wawili shambani walikuwa wanatutazama wakijifanya hawatutazami.

"Na mimi nilitaka kucheka," alisema. "Hujui tu. Kilikuwa kichekesho kizuri. Ningekuwa siyo mimi, ningecheka."

Nikamwambia samahani. Alisema samahani ameipokea, lakini samahani hiyo ya Isansa haimsaidii. Huku hakuna anayemwona mbaya. "Kaiseme kule kwenye mstari," alisema. "Pale wanapouza. Usiitishe kikao, usichukue kipaza sauti. Wakiwa wanapika."

Nilikwenda keshokutwa yake, saa moja asubuhi, kule maegesho. Moshi umetanda, maandazi yanaelea kwenye mafuta, madereva wanapiga mswaki pembeni ya matairi. Nilianza mwanzo wa mstari kwa muuza mihogo. Nikasema. Nilivyomaliza nikasogea meza ya pili nikasema tena, na ya tatu, maneno yale yale, maana niliona nikisema mara moja kwa wote itakuwa rahisi kwangu mno. Kufika meza ya tano habari ilikuwa imeshanipita, walikuwa wananisubiri na miiko mikononi.

Muuza mihogo alinifuata nyuma. "Kwa hiyo sisi tumemfukuza mtu bure."

"Mimi ndiye niliyemfukuza."

"Acha kujibebesha kila kitu, na hiyo nayo ni sifa. Nilimwambia mimi maneno yale, kwa mdomo huu." Alisimama akiangalia mstari wote. Alianza kulia, kwa hasira, huku anageuza mihogo isiungue. Kisha akawapigia kelele wenzake wasogezeane meza. Walibishana kidogo, kila mmoja akitetea hatua zake tatu, lakini walisogea. Ikapatikana nafasi katikati, siyo mwishoni kwenye mtaro, katikati kabisa. Akaniambia, "Mpigie. Mwambie aje na sufuria tu, jiko nitampa."

Nilimpigia pale pale, wote wanasikiliza. Nikamweleza.

"Umewaambia wote?" aliuliza.

"Wote. Meza kwa meza."

"Na jirani yangu wa mihogo?"

"Yuko hapa analia."

"Mpe simu."

Waliongea Kinyiha, sikuelewa yote, mimi Mnamwanga. Muuza mihogo alikuwa anasema ndiyo, ndiyo, huku anatikisa kichwa kwamba hapana. Aliporudisha simu macho yake yalikuwa makavu.

"Haji," alisema. "Anasema ametusamehe. Sufuria ameshaziuza, na tayari amechukua shamba la kukodi, msimu ujao analima maharage. Anasema hawezi tena kukaa kila siku akijiuliza nani kati yetu atamgeukia tena."

Dereva mmoja aliuliza kama mihogo imeiva.

"Na nafasi?" nikauliza.

"Amesema tumpe mama yake yule mtoto aliyevunjika mguu. Anatembeza karanga mpakani, hana meza."

Wakamwita siku hiyo hiyo. Alikuja na beseni lake, akasimama pale katikati, anageuka huku na huku, anauliza kama kweli ni pake, na aliyekuwa na nafasi hii kabla yake ni nani.